Ndoo ya Bluu ya Rwamvura

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nimeficha jambo kwa miaka kumi na tano. Naliandika hapa kwanza ili mkono uzoee. Mdomo utafuata, Mungu akipenda.

Vyura wa Rwamvura hawakufa kwa sabuni.

Basi. Limeandikwa. Paa halikuanguka.

Kilima kizima cha Rwamvura kinaamini ni sabuni – sabuni ya wanawake waliokuwa wakifua kwenye chemchemi. Kwa sababu hiyo chemchemi ilizungushiwa senyenge, na wanawake wakaambiwa wakateke maji kwingine. Yote hayo yalitoka kwenye ripoti ya kurasa nne. Ripoti niliiandika mimi, Hamimu, fundi wa labo ya biolojia, leo mstaafu wa miaka themanini na moja, miguu imevimba kama mikate ya asubuhi.

Daktari aliniambia Ijumaa kwamba moyo umechoka. Nikamuuliza, umechoka kiasi gani? Akasema tuone kwanza kama tutafika Noeli. Noeli si sikukuu yangu, ila nimeelewa.

Na leo Orlane amekuja anaruka kama mtoto. Ni msomi wa vyura, bado hajafika miaka thelathini, na mradi wa kuwarudisha Rwamvura ni wake. Kibali kimetoka! Vyura watoto arobaini wa mwaka huu, hawa ninaowalea bafuni kwangu, watapelekwa kwenye chemchemi ya babu zao kabla mwezi haujaisha.

Anajua kila kitu kuhusu vyura hawa isipokuwa kilichowaua. Na kilichowaua hakizuiwi na senyenge. Huenda kinawangoja mlemle majini. Nikinyamaza, hawa arobaini watakufa kama wale. Nikisema –

Mke wangu Saliha ananiita ninywe uji.

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua asubuhi. Wamefurahi.

Sijawahi kuwaeleza vizuri kwenye daftari hili, maana nawaona kila siku. Mtu hamwelezi mkewe. Lakini nikiondoka, nani atakumbuka? Chura wa Rwamvura ni mdogo, anaenea juu ya kizibo cha chupa ya soda. Mgongo una rangi ya jani la mgomba lililokauka. Tumbo manjano, kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Jina lake la Kilatini ni refu kuliko yeye mwenyewe. Sauti yake ni vijiwe viwili vinavyogongana – tk, tk – kisha kimya, kama mtu aliyebisha hodi akaona aibu.

Wakubwa ishirini na wawili, watoto arobaini. Duniani kote, kwa tunavyojua, hakuna wengine.

Wote wametokana na kumi na mmoja tuliowachukua mwaka 2004, mimi na Birindwa, mwenzangu wa labo, mtu wa kabila la Washi kutoka Bukavu, mcheshi, sasa marehemu. Tulihamia mtaa huu wa Mutanga Sud kwa ajili yao! Buyenzi, nilikozaliwa, joto liliwachosha; huku juu kuna upepo. Saliha aliacha majirani wa miaka thelathini. Akaacha na bafu. Tangu hapo tunaoga kwa kopo nyuma ya nyumba, kama wasafiri.

Maji ya bomba lazima yalale siku mbili kwenye mitungi, dawa itoke. Magunia yaliyoloweshwa madirishani. Mchicha wa lengalenga, wa kuchemsha, kwa viluwiluwi. Maganda ya ndizi kwenye chupa, kuzalisha inzi wadogo wa kuwalisha wakubwa. Na mvua.

Mvua ni kazi ya Saliha. Mwaka wa kwanza hawakutaga hata yai moja. Niliwanyunyizia maji kwa kopo lenye matundu – wapi! Walikaa tu wakinitazama. Siku moja Saliha alikuwa anachagua mchele mlangoni mwa bafu, anautikisa kwenye ungo. Tk, akajibu mmoja. Tk, tk, wakajibu wengine. Walidhani ni mvua juu ya majani! Tangu siku hiyo, kila msimu, mimi namwaga maji na yeye anatikisa ungo. Miaka ishirini sasa mke wangu anawanyeshea vyura mvua ya mchele. Analalamika kila mara. Hajakosa hata mara moja.

Ijumaa, 10 Oktoba

Picha ya sebuleni.

Ni ya Novemba 2009. Nimevaa suti ya kijivu, nimesimama ukingoni mwa chemchemi ya Rwamvura, ndoo ya bluu mkononi, nacheka meno yote nje. Ndani ya ndoo kuna watoto hamsini waliozaliwa bafuni kwetu. Siku zile vyura wa porini walikuwepo bado, ila wachache. Niliwapeleka hamsini wangu kuwaongezea nguvu. Wageni walikuja na kamera. Wakubwa wa tarafa walinishika mkono.

Leo Orlane aliitazama picha hiyo muda mrefu, chai ikapoa. Anataka iwekwe kwenye kibao kikubwa pale kwenye chemchemi.

"Sura yako, Mzee, ndiyo historia ya hawa vyura."

"Basi mupunguze tumbo," Saliha akasema. "Kibao hakitatosha."

Orlane akacheka, kisha akauliza: "Na ile ndoo? Iko wapi? Tupige picha ileile mara ya pili, quand même!"

Nikasema ilipotea siku nyingi.

Uongo. Iko stoo, nyuma ya magunia ya mkaa, nimeifunika kwa kanga mbovu. Nimeiosha kwa javel, dawa ya kuua vijidudu, hata mikono ikababuka. Siwezi kuitumia. Siwezi kuitupa – mtu ataiokota, na ni ndoo nzuri.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisa la jirani linaimba. Niandike, leo nina pumzi.

Ilikuwa hivi. Kwa ajili ya mafunzo ya wanafunzi, labo ilikuwa inaletewa vyura wakubwa wa mashamba ya mpunga ya Buterere, wale wenye kucha miguuni. Walikuja ndani ya ndoo ya bluu. Vyura wa mpunga ni wagumu. Wanaweza kubeba ugonjwa wa ngozi – kuvu, haionekani kwa macho – na mara nyingi wao wenyewe hawaumwi. Lakini chura wa mlimani akiupata, ngozi yake inakakamaa. Na chura hunywa maji kwa ngozi. Anakufa kwa kiu, amekaa ndani ya maji.

Siku ya safari maji ya bomba yalikuwa yamekatika tangu jana yake. Ndoo yangu safi ilikuwa imepasuka. Wageni walishatangulia mlimani. Nikawahamisha wale wa Buterere, nikamwaga maji yao, nikasuuza ndoo kwa kopo moja tu la maji, nikawaweka watoto wangu hamsini.

Sikujua. Nani angejua?

Februari 2010 nilipanda peke yangu kuwaangalia. Kimya. Walikuwa juu ya mawe, chali, miguu imenyooshwa, matumbo yale ya manjano yanaelekea juu. Wangu na wa porini, wote. Nilihesabu hadi tisini nikaacha. Nikaazima jembe nikawazika.

Mmoja nilirudi naye labo, nikaweka kipande cha ngozi chini ya hadubini. Nikaiona kuvu. Nikakisafisha kioo. Kisha nikakaa nikaandika ripoti. Pale chemchemi kulikuwa na povu la sabuni siku zote. Lilionekana hata kwenye picha. Ilikuwa rahisi mno.

Hawa wa bafuni walipona kwa sababu moja tu: hawakuwahi kuigusa ndoo ile.

Na chini ya chemchemi, kwenye dimbwi la mto, wako vyura wengine, wa kawaida, wanaoweza kubeba ugonjwa bila kufa. Hakuna aliyewapima. Nani apime ugonjwa ambao hakuambiwa kwamba ulikuwepo?

Jumanne, 14 Oktoba

Hakuna esansi mjini, vituo vya mafuta vimekauka. Gari la mradi liko kwenye foleni siku ya tatu. Orlane amepiga simu, karibu kulia: safari imesogezwa mbele.

Alhamdulillahi! Nililisema kwa sauti. Saliha akaacha kukata vitunguu, akanitazama.

Alhamisi, 16 Oktoba

Amekuja mgeni na kikapu cha viazi. Pascaline, mwanamke wa Rwamvura, umri kama wa Fadhila binti yetu, matope ya mlimani mpaka magotini. Orlane ndiye aliyemwelekeza nyumba. Alikataa kiti, akakaa kwenye mkeka na Saliha. Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini kilitosha kunimaliza.

"Mzee, bamenituma ba mama ba kilima. Tumesikia vyura vinarudi. Tumekuja kuomba pardon. Hatukujua sabuni inaua vitu vya Mungu."

Nikasema hakuna haja.

"Apana, haja iko! Mama yangu alikuwa anafua pale kila siku. Mulipofunga, tukaanza kuteka kule Kagogo. Ni saa nzima, na njia inateleza. Alianguka na bido ya maji kichwani, akavunjika kiuno. Hata kitandani alikuwa anasema: siwezi kulalamika, ni mi niliua batoto ba mvua."

"Yuko wapi mama?" Saliha akauliza.

"Tulimuzika. Iko miaka ine."

Saliha akamshika goti. Mimi niliitazama fimbo yangu.

Kisha akaomba awaone. Tukampeleka bafuni. Akainama juu ya kisanduku cha kioo, akatafuta, hakuona kitu, mpaka Saliha akamwonyesha mmoja kwenye jani. Pascaline akainuka, mikono kiunoni.

"Huyu? Sababu ya huyu tumetembea miaka kumi na tano? Mzee! Hata mboga ya paka haitoshi!"

Walicheka mpaka wakaegemeana. Mimi pia nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Viazi haikuwezekana kuvikataa. Saliha kavipika kwa maharage jioni. Nimekula viwili. Vilikuwa vitamu sana. Cha tatu nimekirudisha chunguni.

Ijumaa, 17 Oktoba

Msikitini sikuweza. Nimeswali kwenye kiti.

Madrasani, pale Buyenzi, tulikaa kwenye jamvi tukafundishwa kwamba Mtume alikataza kuua chura, hata kwa kutengeneza dawa. Nilikuwa na miaka saba. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikamtetea chura mmoja mbele ya ufagio wa mama. Naamini kazi yangu yote ilianzia kwenye ufagio ule.

Zaidi ya tisini.

Jumatatu, 20 Oktoba

Leo nilijaribu.

Orlane alikuja kuwapima uzito. Napenda kumtazama akifanya kazi. Glavu mpya kwa kila chura. Viatu vyake anavitia javel kabla ya kukanyaga bafuni. Anamshika chura kama mtu anayeshika ahadi aliyoitoa. Anawasemesha: "Toka basi, chéri, gramu mbili tu, usione haya." Nimefundisha watu wengi. Huyu sikumfundisha mimi usafi huu, alikuja nao. Kama angekuwepo yeye siku ile badala yangu –

Nikamuuliza kwa mbali: mmepima magonjwa kule? Wale vyura wa mtoni, dimbwi la chini?

"Magonjwa ya nini, Mzee? Maji tumepima mara tatu, sabuni hakuna tena. Ripoti yako inasema sabuni. Mi mradi wote nimeujenga juu ya ripoti yako." Kisha akanitania: "Unaogopa kama mama wa bibi harusi! Watafika salama."

Nikasema: Orlane, mwanangu, ile ripoti –

Akanishika mkono. Akasema kuna kitu hajawahi kuniambia. Alikuwa na miaka kumi na miwili, nilikwenda shuleni kwao na vyura watatu ndani ya chupa, nikampa mmoja amshike. Watoto wengine walikimbia. Yeye alirudi nyumbani akamwambia mama yake: mi nitafanya kazi ya yule Mzee.

"Donc, basi, ni kosa lako," akasema, anacheka, macho yamelowa.

Nikaomba maji ya kunywa.

Nilimkumbuka Birindwa. Aliisoma ripoti yangu amesimama, ile siku ya 2010. Akaiweka mezani polepole, akasema neno moja tu: "Na ndoo, Hamimu?" Nikaichukua ripoti nikaitia kwenye bahasha. Tulifanya kazi pamoja miaka minne mingine, tukacheka, tukala dagaa wa sambaza pamoja, hakuuliza tena. Aliporudi Bukavu kufa, alinitumia salamu na kofia yake. Kofia ninayo. Sijawahi kuivaa.

Alhamisi, 23 Oktoba

Siku mbaya mbili. Pumzi fupi. Naandika nimelala upande.

Saliha aliniosha miguu kwenye beseni. Mikono yake ina baridi ya maji ya mtungi, haina haraka. Akasema bila kuinua kichwa:

"Ile ndoo ya bluu iko nyuma ya mkaa. Ulimwambia Orlane imepotea."

Ulijua? nikauliza.

"Stoo ni yangu, Baba Fadhila. Najua mpaka panya na watoto wao."

Akakausha kidole kimoja kimoja. Nilingoja aulize.

"Mi sijui ulifanya nini. Miaka kumi na tano unaamka kabla ya adhana unakaa na vyura gizani. Nilisema ataniambia. Hujaniambia. Sawa. Lakini usife ukaniachia mimi niende kusema. Mi sina lugha ya vyura. Nina ungo tu."

Mke wangu.

Nikamwambia nitasema. Akasema, kunywa dawa kwanza.

Jumapili, 26 Oktoba

Esansi imepatikana. Abdu, mpwa wangu, fundi magari wa Buyenzi, kaleta bido mbili mwenyewe, kazibeba kama mapacha.

"Mjomba, hii ilikuwa ya harusi ya watu. Nimewaambia bibi harusi atangoja, vyura ni wazee kuliko yeye!"

Orlane kamkumbatia mbele ya mkewe. Safari ni Jumanne asubuhi. Hakuna tena pa kujificha.

Alasiri nimemwomba Saliha mvua. Akasema si wakati wao, wameshataga, mchele wenyewe wa kupika kesho. Akauchukua ungo. Nikamwaga maji kidogo, yeye akatikisa. Shaa, shaa, shaa. Dakika nzima kimya. Halafu yule mzee, mwenye doa jicho la kushoto, akabisha hodi: tk. Wakafuata wote. Watoto nao walijaribu, wale arobaini, sauti hazijapevuka, kama vifungo vinavyoanguka sakafuni.

Tulikaa mlangoni, bega kwa bega, wazee wawili. Saliha akasema: "Nikifa mimi kwanza, nani atawanyeshea?" Nikamwambia hufi kwanza, zamu imeshapangwa. Akanipiga kwa kanga.

Kesho nitasema. Kesho Orlane hana kazi ya chuo, atakuja kufunga makasha.

Jumatatu, 27 Oktoba

Alikuja. Alikuwa na watu wawili wa mradi. Sikusema.

Jumanne, 28 Oktoba

Saa mbili asubuhi. Gari liko mlangoni. Naandika chumbani, mwandiko hausomeki. Lazima.

Makasha yalikuwa tayari, manne, matundu juu, majani yaliyoloweshwa ndani. Kila kitu safi. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu sebuleni, chini ya picha. Orlane akaenda stoo kutafuta gunia la kufunika makasha jua lisiyachome. Nikasikia kelele ya furaha.

"Mzee! Mzee! Ndoo yako! Ilikuwa nyuma ya mkaa!"

Akaja nayo imeinuliwa juu kama kombe. Ameshaisuuza bombani. Dereva akapiga makofi. Orlane akatia majani mabichi ndani, akasema ni kwa picha tu, dakika mbili, kisha wanarudi kwenye kasha. Akavaa glavu mpya. Akafungua kasha la kwanza, akawachota watoto wanne kwenye kiganja. Akanigeukia anitazame nikitabasamu.

Kiganja kilikuwa juu ya ndoo.

"Usiwaweke humo!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Sijawa nayo miaka kumi. Saliha alitoka jikoni mbio. Dereva akashusha simu aliyokuwa ameiinua kupiga picha.

Nikasema. Bila mpangilio, lakini nikasema. Buterere. Kopo moja la maji. Kuvu. Hadubini. Povu. Nikasema wanawake wa kilima hawana kosa, hawajawahi kuwa nalo, hata siku moja. Nikamtaja mama yake Pascaline. Nikasema kuhusu vyura wa dimbwi la chini, kwamba huenda wanaubeba bado.

Orlane aliwarudisha watoto kwenye kasha, mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Akafunga kifuniko. Hakunitazama. Akavua glavu, akazikunja moja ndani ya nyingine. Akakaa sakafuni, palepale, karibu na ndoo.

Alianza kusema peke yake, kama anayesoma orodha: vijiti vya pamba, kuwafuta ngozi vyura wote wa mtoni, kupeleka nje vipimwe, kungoja. Msimu huu umekwenda. Labda na ujao. "Lakini watakuwa wazima," akasema. "Hawa watakuwa wazima." Aliwaambia wao, si mimi.

Kisha akainua macho kwenye picha. Mimi wa suti. Meno yote nje. Akaiangalia, akaniangalia.

"Mzee. Ile siku. Ulijua?"

Kikohozi kikanishika. Saliha akaleta maji, akanishika kichwa, nikanywa, nusu ikamwagika kifuani. Orlane alingoja. Nilipoendelea kukohoa, akainuka akatoka nje.

Nikasikia gari linazimwa.

Saliha kanileta hapa mezani. Sasa amekaa mlangoni mwa bafu, ungo magotini. Hautikisi. Makasha yamerudishwa ndani, yamepangwa karibu yake. Nje Orlane anaongea na simu, Kirundi, polepole. Nimesikia jina la Pascaline mara mbili. Sauti yake haina hasira. Ingekuwa na hasira ningeweza kuistahimili.

Amekata simu. Hatua zake. Atauliza tena, na safari hii sitakohoa. Naandika ili nikisema nisipunguze neno.

Tarehe 12 niliandika humu kwamba sikujua. Nililidanganya hata daftari.

Asubuhi ile, ndani ya ndoo, chura mmoja wa Buterere alikuwa amekufa. Ngozi ilikuwa inambanduka, nyeupe, kama karatasi iliyolowa. Wiki hiyohiyo Birindwa alikuwa amesoma habari za ugonjwa huu, akanionya: ukiona ngozi namna hiyo, ndoo uichome moto, usimpeleke chura popote. Nilimtoa yule aliyekufa kwa mkono huu ninaoandikia. Nikamtupa kwenye migomba. Nikatazama saa. Wageni walikuwa wananingoja, na suti nilikuwa nimeshaivaa.

Nilijua.